UZI: Amonia na piridini nani anaing'ang'ania protoni zaidi? Jibu la darasani ni la maji, twende kwenye gesi tukapime

Kipimajoto:
Wakuu salaam. Juzi dogo wa nyumbani anasoma PCB kaniletea swali la amini (ndugu za amonia), panga kuanzia besi dhaifu mpaka yenye nguvu, nikampangia fasta kama tulivyokaririshwa enzi zetu: amonia, traimethilamini, methilamini, daimethilamini. Dogo akanitazama akauliza, sasa bro kama kila methili (CH3) inaisukumia naitrojeni elektroni na kuipa nguvu, yenye methili tatu inakuwaje inapigwa na yenye methili moja? Nikamjibu ndo ilivyo we andika. Afu usiku nikaona aibu, maana hili jambo nimelifanyia kazi miaka miwili na nusu nikiwa nasoma nje, kwenye chumba kimoja cha chini chenye sumaku kubwa kuliko friji, na jibu nalijua vizuri tu.

Jibu lenyewe ni kwamba ule mpangilio sio wa amini, ni wa amini zikiwa ndani ya maji. Ukiyatoa maji yote ukaacha molekuli moja moja zinaelea kwenye gesi, mpangilio unanyooka kabisa kama dogo alivyotegemea. Namba hizi hapa, zinaitwa mvuto wa protoni, ni kilojuli kwa moli, yaani nishati inayotoka molekuli ikiipokea protoni tupu: amonia 853.6, methilamini 899, daimethilamini 929.5, traimethilamini 948.9. Kila methili inaongeza, hakuna kurudi nyuma. Maji yenyewe yako 691 tu.

Na kuna kali zaidi ya hiyo. Piridini kwenye maji ni besi ya kusikitisha, pKa ya ioni yake (ikiwa kubwa besi ina nguvu, kila namba moja ni mara kumi) ni kama 5.2 wakati ya amonia ni 9.25, tofauti ya mara elfu kumi na zaidi. Kwenye gesi piridini ni 930. Imempita amonia kilojuli 76 na hata haangalii nyuma.

Nitashusha namna zinavyopimwa, ila nipeni muda nile kwanza.

Nyuki_Mkali:
Naweka kambi hapa. Mkuu usije ukakimbia kama wale wanaosema "itaendelea" afu wanapotea miaka mitatu

Dogo_wa_PCB:
Mimi ndo dogo mwenyewe 😂 bro umenianika

FundiFriji:
Mkuu swali la kijinga. Protoni ni H+ yaani haidrojeni iliyovuliwa elektroni, sasa unaishikaje kitu hicho ukipime kinavutwa kwa nguvu kiasi gani? Si kitagusa kitu cha kwanza kinachokutana nacho kimalizike

Kipimajoto:
@FundiFriji hilo sio la kijinga, hilo ndo lenyewe. Huwezi. Hakuna mtu anayechukua protoni tupu akaiweka kwenye mzani. Kinachofanyika ni ushindani, unapima tofauti ya wawili.

Fikiria kijiwe cha bodaboda. Kuna boda za rangi mbili, nyekundu na bluu, na abiria wachache sana kuliko boda, na hawa abiria hawana msimamo, kila boda mbili zikigusana abiria anaweza kuhamia nyingine. Waache warukeruke muda wa kutosha, afu piga picha ya ghafla uhesabu: wangapi wamekaa kwenye nyekundu, wangapi kwenye bluu. Kama boda nyekundu ziko 10 kwa kila bluu 1, na bado umekuta abiria nusu kwa nusu, basi bluu inamvuta abiria mara 10 zaidi. Boda ndo molekuli, abiria ndo protoni. Hiyo mara 10 ukiibadilisha kuwa nishati kwenye joto la kawaida la chumba inakuwa kilojuli 5.7 kwa moli. Mara 100 ni 11.4, mara 1000 ni 17 na kidogo. Ndo fomula ileile ya RT mara logi ya K mliyoichukia form six.

Kwa hiyo unahitaji vitu viwili: uwiano wa boda, ambao unaujua kwa sababu gesi umezichanganya mwenyewe, na uwiano wa abiria, ambao masi spektromita (mashine ya kutenganisha ioni kwa uzito) inakupa kwa sababu ioni ya A na ioni ya B zina uzito tofauti.

Nyuki_Mkali:
hapo kwenye boda nimeelewa kuliko miaka miwili yote ya A level

BintiKitwana:
Samahani kaka, ukisema "muda wa kutosha" ni muda gani? Maana kwenye vakyumu molekuli zinakutana mara chache, si ndo maana inaitwa vakyumu?

Kipimajoto:
@BintiKitwana wewe umewahi kukaa maabara, nakuona. Hapo ndipo watu walipogawanyika kambi mbili miaka ya 60 na 70.

Kambi ya kwanza walisema tupandishe presha. Paul Kebarle pale University of Alberta, Edmonton huko Kanada kwenye baridi, alitengeneza chanzo cha ioni chenye presha ya milimita chache za zebaki, ambayo kwa masi spektromita ni matusi kabisa, kwa kawaida mashine hizi zinataka utupu. Pale ndani ioni inagongwa mara nyingi mno kabla haijatoka kwenye kitundu, kwa hiyo msawazo unafikiwa. Na uzuri mwingine, chumba kile unaweza kukipasha joto. Ukipima uwiano kwenye joto hili, afu lile, afu lile, unachora mstari na unatenganisha joto la mmenyuko na entropia (kipimo cha uhuru wa molekuli kujigeuzageuza), unapata vyote viwili. Hilo nitalirudia mbele maana watu wengi wanachanganya.

Kambi ya pili wakasema sisi hatupandishi presha, tunaifunga ioni isitoroke. Hawa ni watu wa ICR, yaani ion cyclotron resonance. Sumaku kubwa inailazimisha ioni izunguke duara, nyepesi inazunguka haraka, nzito polepole, kwa hiyo ukisikiliza masafa ya mzunguko unajua ni nani. Ioni inabaki mle sekunde nzima au zaidi, na hata kama gesi ni nyembamba mno itakutana na molekuli za kutosha. Kulikuwa na Beauchamp pale Caltech, Taft pale Irvine, Aue na Bowers pale Santa Barbara, wote California, wanashindana kama Simba na Yanga, ila tofauti na Simba na Yanga hawa matokeo yao mara nyingi yalikubaliana.

Na mwaka 1968 Brauman na Blair, hao nao walikuwa Stanford, walitumia ICR kwa alkoholi wakakuta kwenye gesi tert-butanoli ni asidi kali kuliko methanoli, kinyume cha kwenye maji. Nafikiri hapo ndo watu wengi walianza kukubali kwamba vitabu vilikuwa vinatufundisha tabia ya maji tukidhani ni tabia ya molekuli.

Msukuma_Toroli:
Chai hii. Kama maji yanabadilisha kila kitu mbona hujasema yanafanyaje? Umeruka

Kipimajoto:
@Msukuma_Toroli tulia mzee, sijaruka, nilikuwa nakuja.

Amini ikishapokea protoni ndani ya maji inakuwa na chaji chanya, na maji yanakuja kuizunguka kama wapambe wa bibi harusi. Wapambe hawa wanashika kwenye haidrojeni zilizoko kwenye naitrojeni. Amonia ikipokea protoni ina haidrojeni nne, nafasi nne za kushika. Methilamini inabaki na tatu, daimethilamini mbili, traimethilamini moja tu, na pembeni kuna methili tatu nene ambazo maji hayazipendi. Kwa hiyo methili inaongeza nguvu ya asili lakini inafukuza wapambe. Vitu viwili vinavutana na matokeo yake ndo ule mpangilio wa ajabu, daimethilamini juu na traimethilamini karibu na chini. Piridini hivyohivyo, ina nafasi moja ya kushika na chaji yake imesambaa kwenye pete nzima, maji hayana pa kuing'ang'ania vizuri.

Na hawa wapambe sio wa mchezo. Protoni tupu ikiingia kwenye maji nishati inayotoka ni kama kilojuli 1,150 kwa moli. Linganisha na zile tofauti za kilojuli 30, 40, 50 kati ya amini na amini. Ni kama unajaribu kupima uzito wa paka kwa kumpandisha kwenye lori la mchanga afu unapima lori.

Kwenye gesi wapambe hawapo. Molekuli inabidi ijihudumie yenyewe, na kubwa inaweza kuisambaza chaji mwilini mwake kuliko ndogo. Ndo maana methili zinashinda.

Dogo_wa_PCB:
Sasa bro kama amonia ni 853.6 na methilamini 899 si tofauti ni 45? Kwa ile hesabu ya 5.7 inakuwa mara milioni mia. Utahesabu vipi abiria mmoja kwa milioni mia?

Kipimajoto:
Wakuu mnamuona dogo? Huyu ndo aliyenifanya nilale na aibu.

Sahihi kabisa, huwezi. Ukizidi mara elfu moja hivi ioni dhaifu inazama kwenye kelele za mashine. Kwa hiyo unajenga ngazi. Unatafuta molekuli ya katikati inayomzidi amonia kidogo, nyingine inayomzidi huyo kidogo, nyingine, mpaka ufike methilamini, kila kipandio kilojuli chache. Na hauendi njia moja, unapita na njia ya kando ukirukia vipandio vingine, ukifika juu jumla zikitofautiana ujue kuna sehemu umedanganywa.

Mimi nilidanganywa. Nilikuwa na amini mpya natakiwa niiweke kwenye ngazi, kila siku napata jibu tofauti, leo iko juu ya jirani yake, kesho chini, wiki tatu nimekonda. Shida ilikuwa nini? Amini zinanata kwenye kuta za chuma. Nilikuwa nasoma presha kwenye tangi la kuchanganyia nikidhani ndo hiyohiyo iliyoko ndani ya sumaku, kumbe njiani nusu ya amini imejibandika kwenye bomba na jirani yake imepita bila shida. Yaani nilidhani boda ziko kumi kwa moja kumbe ziko ishirini kwa moja. Tukafunga waya za joto kwenye bomba zote, tukazipika siku mbili, chumba chote kikanuka samaki wa juzi (traimethilamini ndo harufu yenyewe ya samaki aliyeoza, sitanii, jirani wa maabara ya pili alikuja kuuliza nani kaacha chakula). Baada ya hapo nikawa nachanganya vimiminika kwa kuvipima uzito kwanza, navukisha vyote kwa pamoja, na nasubiri mpaka uwiano utulie kabla sijaandika namba.

Na kipima presha chenyewe kina upendeleo. Kile cha ICR kinafanya kazi kwa kuzichaji molekuli na kupima mkondo, molekuli kubwa inachajika kirahisi kuliko ndogo, kwa hiyo presha ileile inaonekana mbili tofauti, kila gesi inataka marekebisho yake.

FundiFriji:
Hiyo ya kunata naijua, gesi ya friji nayo ikichanganyika na oili geji inakuambia uongo

BintiKitwana:
Ngazi nimeielewa ila ngazi inasimama wapi? Unajua tofauti tu. Hiyo 853.6 imetoka wapi kama kila kitu ni tofauti?

Kipimajoto:
Hapo BintiKitwana umegusa kidonda cha miaka mingi.

Lazima uwe na angalau vipandio viwili vitatu ambavyo umevijua kwa njia nyingine isiyohusiana na ushindani. Kwa mfano isobutini. Isobutini ikipokea protoni inakuwa ioni ya tert-butili. Ukijua joto la kuundwa isobutini, la protoni tupu (hilo ni 1,530, linajulikana vizuri kwa sababu atomu ya haidrojeni inajulikana vizuri), na la hiyo ioni, basi unajumlisha na kutoa tu. Joto la ioni unalipata kwa kupiga radikali ya tert-butili kwa mwanga na kuangalia elektroni inang'oka kwenye nishati gani.

Sasa tatizo, kile kipimo cha ioni kilikuwa kinahama. Kwenye jedwali kubwa la 1984 la Lias, Liebman na Levin, isobutini ilikuwa kama 820. Watu wakaanza kulalamika, vipimo vya joto tofautitofauti havikubaliani, na mwaka 1993 Smith na Radom huko Australia wakaikokotoa kwa kompyuta kutoka mwanzo wakaona iko juu mno. Jedwali la 1998 la Hunter na Lias likaishusha hadi 802. Kilojuli 18 zimeyeyuka hivihivi, na watu waliokuwa wamejiegemeza kwenye kipandio kile wakashuka nacho. Amonia kwa bahati haikutikisika. Jedwali la 1998 ndo hilo hadi leo wengi tunalitumia, lipo bure kwenye tovuti ya NIST ya Marekani, tafuta kampaundi yoyote.

Mimi msimamo wangu, ukiona mtu anaandika mvuto wa protoni bila kusema ameegemea ngazi ipi, mrudishie karatasi yake.

Msukuma_Toroli:
Sawa nimekubali sio chai. Na vile vitu visivyopaa? Sukari, protini, hizo huwezi kuzifanya gesi, ukizipasha zinaungua

Kipimajoto:
@Msukuma_Toroli karibu upande huu wa meza 😄

Kwa hivyo kuna mbinu ya Graham Cooks wa Purdue, alianza nayo 1977. Unazikutanisha molekuli mbili zikaishika protoni moja katikati, kama watu wawili wameshika ncha mbili za kanga moja. Unaichagua hiyo ioni ya watu wawili peke yake, unaipiga na gesi ikatike. Ikikatika protoni inaondoka na mmoja, kwa kawaida aliye na nguvu zaidi. Unahesabu mara ngapi kaondoka nayo huyu na mara ngapi yule. Haikulazimu kujua presha ya kitu chochote, na ndo maana ilipendwa kwa amino asidi. Arginini inakaa juu kabisa kati ya amino asidi za kawaida, kama 1,050, glisini 886.5.

Ila ina mtego. Inadhani wote wawili wanaachia kwa namna moja. Chukua diamini, molekuli ndefu yenye naitrojeni kila mwisho. Ikiwa peke yake na protoni inajikunja, ncha zote mbili zinaikumbatia protoni moja, ndo maana diamini yenye kaboni mbili ni 951.6 na yenye kaboni nne inapanda 1,005.6. Lakini kujikunja kunagharimu uhuru, entropia inashuka, na muda ule kanga inakatika hajajikunja bado. Hapo hesabu rahisi inakudanganya. Ndo ile niliyosema mwanzo, mvuto wa protoni ni suala la joto peke yake, na kuna namba nyingine dada yake yenye entropia ndani. Kwa molekuli ngumu zisizokunjika zinatofautiana karibu kilojuli 32 hivi kila mara kwa sababu protoni yenyewe inapoteza uhuru wake, amonia kwa mfano 853.6 na 819. Kwa zinazojikunja tofauti ni kubwa zaidi. Usizichanganye kwenye jedwali moja.

Nyuki_Mkali:
Mkuu mi naomba kujua hii kitu inasaidia nini mtaani. Au ndo zile elimu za kunuka samaki tu

Kipimajoto:
Inasaidia. Innsbruck huko Austria, Werner Lindinger na wenzake miaka ya 90 walitengeneza mashine ya kunusa hewa inayotegemea jambo hili hili. Wanatengeneza ioni za maji, H3O+, wanazipeleka kwenye hewa. Sasa angalia: naitrojeni 494, oksijeni 421, agoni 369, kabonidayoksaidi 540.5, methani 543.5, zote chini ya maji 691, kwa hiyo hewa yenyewe haiwezi kumpokonya maji protoni, inapita kama haipo. Lakini asitoni ni 812, ethanoli 776, isoprini ya miti 826, hizi zinampokonya papo hapo na kuonekana. Yaani mashine haioni hewa, inaona harufu iliyoko ndani ya hewa. Mtu aliyefunga muda mrefu pumzi yake ina asitoni nyingi, mashine inamuona. Wanapimia misitu, kahawa ikikaangwa, hewa ya mijini.

FundiFriji:
Na heli? Hiyo si haishiki kitu chochote

Kipimajoto:
Inashika! Kidogo, 178 tu, ndo ya chini kabisa. HeH+, yaani heli iliyoshika protoni, ilionekana maabara mwaka 1925, na angani waliitafuta miongo mingi mpaka 2019 ndo wakaipata kwenye wingu la NGC 7027 kwa darubini iliyofungwa ndani ya ndege, SOFIA. Ikikutana na kitu kingine chochote inatoa protoni bila kuuliza.

Dogo_wa_PCB:
Bro leo nimempelekea mwalimu wa kemia. Kasoma uzi wote kwenye simu yangu wakati wa mapumziko. Kaandika 949 ubaoni mbele ya traimethilamini, chini yake kaandika "KWENYE GESI" kwa herufi kubwa, kasema mtihani andikeni ya maji ila mjue. Afu kaniuliza, na anilini je? Maana kwenye maji anilini inapigwa vibaya na amonia

Kipimajoto:
Mwambie anilini ni 882.5. Iko juu ya amonia. Na mwambie kuna jingine, kwenye gesi naitrojeni na ile kaboni ya pete iliyo mkabala nayo zinakaribiana mno kwa nguvu, kiasi kwamba watu wamebishana miaka mingi protoni inakaa wapi hasa. Akitaka kubishana aje hapa, namuwekea kiti.